Sijafanya Chochote, Imegoma Yenyewe

Ujumbe huwa unakuja hivi: "Wakuu habari za humu. Laptopu yangu imegoma kuwaka. Sijafanya chochote, imegoma yenyewe. Naombeni msaada wenu, nina kazi za watu." Kisha mwenye ujumbe haonekani tena. Bando limekata, au simu imezima, au yuko kwenye daladala amebanwa mlangoni. Nyuma yake majibu yanamiminika: RAM hiyo mkuu, itoe uifute, diski imekufa, piga mfumo upya tu, na hakosekani mmoja wa kusema ndiyo maana yeye alirudi Windows.

Hakuna aliyeuliza inagomea wapi.

Kikundi chetu cha watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta tunaoutumia badala ya Windows, hakina ofisi wala kadi. Kina kundi la Telegram, na kina Jumamosi ambazo sisi wa Dar tunakutana Sinza kwenye chumba cha rafiki yetu anayefundisha kompyuta, kila mtu na mashine yake na kebo yake ya kuongezea umeme. Wenzetu wengine wako Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi, na wachache wako Muscat. Mimi kazi yangu ni kutunza kompyuta za shule na ofisi ndogondogo. Humo kundini nimeshachagua upande wangu kwenye ubishi mmoja na sioni dalili ya kuuhama: amri ndiyo sehemu rahisi ya kutatua tatizo la Linux. Amri zimejaa tele, unakopi unabandika. Kazi ni kujua nini kilitokea kabla, na habari hiyo anayo mtu, hata pale anapoapa kwamba hana.

Tuchukue huko kugoma kuwaka. Ukibonyeza batani, kwanza unapata taa na feni. Kama hata hizo hakuna, Linux haijahusika bado. Tafuta chaja, betri, au fundi. Halafu inakuja nembo ya kampuni iliyotengeneza mashine, hapo inayofanya kazi ni programu iliyo kwenye ubao mama. Inafuata GRUB, ile orodha inayokuuliza uingie mfumo gani. GRUB inapakia kerneli, kiini cha mfumo, pamoja na initramfs, kijimfumo cha muda kinachokaa kwenye RAM ambacho kazi yake kubwa ni kuitafuta diski yenye mfumo wako halisi na kuifungua. Ndipo systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, inapoanza kuamsha huduma, nyingi kwa mkupuo, na mwisho wa yote unaombwa nenosiri. Kila mahali kati ya hapo mashine inaweza kukwama, na kila mahali pana sura yake. Ukiona maandishi "grub rescue>", maana yake kipande cha kwanza cha GRUB kimepatikana lakini hakikioni kilichobaki, na mara nyingi kuna mtu aliingia Windows akafuta partisheni, yaani kipande cha diski, asiyoitambua ili aongeze nafasi. Ukiona "(initramfs)" na kishale kinakonyeza, kerneli imeshapanda lakini diski haifunguki. Skrini nyeusi baada ya nembo, huku batani ya Caps Lock bado inawaka na kuzima ukiibonyeza, ni habari njema: mashine iko hai, kilichokwama ni picha.

Kwa hiyo swali moja tu, "unaona nini mara ya mwisho kabla haijakwama?", linayatupa majibu mengi kapuni kabla mtu hajafungua hata skrubu. Picha ya simu inatosha, hata ikiwa imepinda na ina mwako wa taa katikati. Ninachoomba ni mtu asinikatie mistari ya juu. Watu wana tabia ya kupiga picha mstari wa mwisho wenye rangi nyekundu, kumbe kilichoua kimeandikwa kwa herufi za kawaida mistari kumi juu yake.

Hiyo "(initramfs)" nitakaa nayo kidogo, kwa sababu huku kwetu inakuja na umeme. Kompyuta ya mezani haina UPS, umeme unakatika, unarudi, unakatika tena, na asubuhi mtu anakutana na maneno UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY. Jibu la haraka kundini ni fsck -y, yaani kagua diski na urekebishe kila kitu bila kuniuliza. Mara nyingi inafanya kazi, na ndiyo maana jibu hilo limeota mizizi. Lakini mfumo wa mafaili wa ext4 una jarida lake la ndani linaloandika mabadiliko kabla hayajafanyika, na umeme ukikatika kawaida husoma jarida hilo, unajiweka sawa, na mtumiaji hata hajui. Ukifika mahali unaomba binadamu aingilie, nashuku diski yenyewe kwanza. Kukatika kwa umeme kumeimalizia tu. Sasa ukiiambia fsck irekebishe kila kitu kwenye diski inayokufa, inaandika juu ya diski inayokufa, na kinachopotea ni zile kazi za watu.

Njia yangu ni ya polepole, na kundini inanipatia utani. Washa mashine kwa flashi yenye Linux, usiguse chochote, endesha smartctl -a kwenye diski, amri inayosoma afya yake, kisha nitumie mistari miwili: Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Kama namba zake ni sifuri, endelea na fsck kwa amani. Kama wa pili hauko sifuri, tafuta diski nyingine, nakili kwanza kwa ddrescue, halafu urekebishe nakala. Swali langu kabla ya hayo yote ni kama mashine ilikuwa nzito wiki hizo, au ilikuwa inatoa mlio. Karibu kila mara jibu ni ndiyo. Mtu alikuwa anajua, ila hakudhani kama ni habari.

Hapo ndipo ilipo maana ya "sijafanya chochote." Nimeisikia mara nyingi mno kuidharau. Wapo wanaoficha, kweli. Hakuna anayependa kuonekana mjinga mbele ya watu ambao hajawahi hata kuwaona. Wengi hawafichi. Alichokifanya wiki iliyopita hakioni kama kina uhusiano na kilichotokea leo, na wakati mwingine alichokifanya alikifanya kwa ushauri wetu.

Kesi ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya saa. Mdau mmoja wa Tanga analeta tatizo: kila akiendesha apt update, amri ya kupata orodha mpya ya programu, anaambiwa Release file is not valid yet, invalid for another 2h na dakika kadhaa. Wadau wakaivamia. Badilisha seva ya kupakulia. Futa /var/lib/apt/lists. Ni mtandao wa ofisini kwenu huo, wanazuia. Akabadilisha seva, ujumbe ukabaki ule ule, dakika tu zikapungua.

Dakika kupungua ndiyo ilikuwa dalili. Faili la Release, linaloeleza vilivyomo kwenye seva, linabeba saa lilipotengenezwa, na apt ikiliona lina saa ya mbele kuliko ya kompyuta yako inalikataa, kwa sababu za usalama zinazoeleweka. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa nyuma ya dunia kwa zaidi ya saa mbili, pengine tatu. Mtu yeyote wa Afrika Mashariki anayeiona saa tatu kwenye tatizo la kompyuta anapaswa kushtuka, maana sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, majira ya dunia.

Kwenye ubao mama kuna saa ndogo inayoendeshwa na betri hata mashine ikiwa imezimwa. Windows kwa kawaida inaiandikia majira ya hapa tulipo. Linux kwa kawaida inaihesabu kuwa ni UTC. Ukiwa na mifumo yote miwili kwenye laptopu moja, kila ukihama unakuta saa imeruka kwa saa tatu, na hili ni miongoni mwa maswali ya zamani kabisa kwenye kundi. Lina dawa mbili na zote ni sahihi. Ya kwanza, unaiambia Linux ifuate mtindo wa Windows: timedatectl set-local-rtc 1. Ya pili, unaingia kwenye rejista ya Windows unaweka RealTimeIsUniversal iwe 1, nayo inaanza kutumia UTC.

Yule mdau wa Tanga alikuwa amefanya zote mbili. Siku moja aliuliza kundini akapewa ya kwanza. Kitambo kidogo baadaye, kwenye kundi jingine, mtu akamwambia ya pili ndiyo bora, akaifuata pia bila kuiondoa ya kwanza. Mifumo ikawa imebadilishana mitindo: Windows sasa inaandika UTC, Linux inasoma namba ile ile kama majira ya Tanga. Ugomvi ukarudi pale pale, ila umegeuka kichwa chini, Linux ikawa nyuma kwa saa tatu. Kawaida Linux ingejisahihisha kwa kuuliza saa mtandaoni, lakini mtandao wa ofisini kwake ulikuwa umefunga mlango 123 unaotumika kwa kazi hiyo. Nilipomwambia aendeshe timedatectl peke yake, mstari wa RTC in local TZ, unaohusu ile saa ya ubao mama, ukasema yes, na chini yake onyo refu ambalo programu yenyewe huliweka kulalamikia mpangilio huo. Dawa ilikuwa amri ile ile: badala ya 1, weka 0, na uongeze --adjust-system-clock ili Linux iisome upya saa ya ubao mama.

Alipoanza alituambia hajafanya chochote. Ukimsikiliza vizuri, alikuwa anasema kweli kadiri anavyojua: alikuwa amerekebisha saa, na saa haina uhusiano na apt.

(Na tukiwa kwenye saa: kundi la Waswahili lina shida yake ambayo sijaiona kwa wengine. Mtu anasema "ilizima yenyewe saa tatu." Logi, yaani kumbukumbu za mashine, inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa tatu yake ni 09:00 au 21:00, kutegemea ni asubuhi au usiku, na akiwa kijana wa mjini anayesoma saa kwenye simu huenda kweli anamaanisha 03:00. Mwenzetu wa Muscat yuko saa moja mbele yetu, wa Lubumbashi saa moja nyuma. Siku hizi sibishani. Nawaambia waendeshe journalctl -b -1 -e, ambayo inaonyesha mwisho wa mara iliyotangulia mashine ilipowaka, na saa tunaisoma humo humo.)

Kesi ya pili haikuwa ya kundini. Ilikuwa steshenari, ya dada mmoja tunayefahamiana, kibanda cha kutoa kopi, kuprinti na kupiga picha za pasipoti karibu na chuo. Kompyuta yake niliiwekea Linux Mint baada ya kuchoshwa na virusi vya flashi za wateja, na kwa kazi hiyo hajawahi kulalamika. Asubuhi hiyo alinipigia, nilipofika kulikuwa na wanafunzi wamejipanga na flashi zao, mmoja ana fomu ya mkopo na mwisho wake ni siku hiyo.

"Kaka, sijagusa kitu," akaniambia hata kabla sijaweka begi chini. "Jana mchana imeprinti vizuri. Leo imegoma."

Kwenye orodha ya kazi za printa kila kazi ilikuwa na maneno Filter failed. Hiyo ni lugha ya CUPS, mfumo unaosimamia uprintaji kwenye Linux, na maana yake ni kwamba karatasi haijafika hata kwenye printa: imekwama kwenye hatua ya kugeuza faili kuwa lugha ambayo printa inaielewa. Waya nikauweka kando kwa sekunde mbili, lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, iliiona printa bila tabu. Faili la mteja nalo likawekwa kando, maana hata ukurasa wa majaribio ulikataa.

Kilichobaki ni swali la nini kimebadilika, na kwenye familia ya Debian, Ubuntu na Mint kuna daftari linalolijibu: /var/log/apt/history.log. Kila kilichowekwa, kupandishwa toleo au kuondolewa kimeandikwa humo, na tarehe, na saa, na amri yenyewe iliyoandikwa, hata na akaunti iliyoomba. Mstari wa mwisho ulikuwa wa jana yake, muda kidogo baada ya saa kumi jioni, apt upgrade, na kwenye orodha ndefu ya vilivyopandishwa toleo kulikuwa na draiva za printa.

Dada akasoma akiwa begani kwangu. "Saa kumi mimi nilikuwa nimekwenda benki."

Kukawa kimya. Kijana anayemsaidia dukani, aliyekuwa kwenye mashine ya kopi, akageuka. "Ni mimi dada. Niliona video wanasema kompyuta ikikaa bila apdeti inaingiliwa. Nikatumia hotspoti yangu."

Mnajua hapo mambo yangeweza kwenda vipi. Yule kijana alitumia bando lake mwenyewe kufanya jambo ambalo kimsingi ni sahihi, na hivyo ndivyo nilivyomwambia dada, kwa sauti ambayo wateja wangeisikia. Nimeona kwenye kundi letu mtu anakiri jambo la namna hiyo, anamwagiwa vicheko, na baada ya hapo hakiri tena kitu. Anaendelea kuuliza maswali, lakini majibu yake yote yanakuwa "sijafanya chochote." Tunamfundisha kusema uongo kisha tunalalamika kwamba watumiaji wanadanganya.

Chanzo chenyewe kilikuwa hivi. Printa ile ni ya leza, ndogo, ya zamani, ya aina isiyohifadhi programu yake ndani. Kila inapowashwa, kompyuta ndiyo inayoipelekea programu hiyo kupitia waya wa USB, vinginevyo inakaa inaduwaa. Programu hiyo ina leseni isiyoruhusu kuwekwa kwenye hazina za kawaida za Linux, kwa hiyo inapakuliwa pembeni kama kipande cha ziada, na toleo la kipande hicho lazima lilingane na toleo la draiva. Apt ikapandisha draiva. Kipande cha ziada haikijui, ikakiacha kilivyo. Jioni ile hawakuprinti tena, asubuhi vitu viwili visivyolingana vikakutana. Tukapakua kipande kipya, tukaiwasha printa upya, yule wa fomu ya mkopo akaondoka mbio.

Ubaoni mwa kibanda, chini ya bei za kopi, kijana aliandika kwa kalamu: UKIAPDETI DRAIVA ZA PRINTA, PAKUA NA KIPANDE CHAKE. Sijui wateja wanaelewaje.

Bando limetajwa, na bila bando huwezi kueleza matatizo ya Linux ya huku. Sehemu kubwa ya mashine zilizoharibika tunazoletewa ziliharibika katikati ya kupakua au kuweka: data imeisha, mtu amefunga kifuniko, dpkg, programu inayoweka vifurushi, imekatwa njiani. Mara ijayo inamwambia aendeshe dpkg --configure -a, na karibu kila mara hiyo inatosha. Tatizo ni ushauri unaotangulia kufika. Mtu akiona Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend anaambiwa afute faili la kufuli. Kufuli lile lipo kwa sababu kuna programu nyingine inaendelea kuweka vitu muda huo huo. Ukilifuta hukuisimamisha, umeziruhusu mbili ziandike kwenye rejesta moja. Subiri. Au angalia kwa ps nani anaishika. Ushauri mwingine ambao ningeupiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka ni chmod -R 777 kwenye mzizi wa mfumo, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye kila faili, unaotolewa kwa mtu aliyeambiwa Permission denied. Baada ya hapo sudo, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi, inakataa kufanya kazi kwa sababu alama yake ya setuid inayoipa mamlaka hayo imefutika, SSH, ya kuingilia kompyuta za mbali, inakataa funguo zako kwa kuwa kila mtu anaweza kuzisoma, na wewe huna tena njia ya kurudisha ruhusa za maelfu ya mafaili kama zilivyokuwa. Huyo ndiye mtu ambaye nitamwambia apige upya, na kwa huzuni.

Kwa upande wa kuokoa bando tunafanya vizuri zaidi kuliko tunavyojisifu. Pale Sinza kuna mashine kuukuu inayoendesha apt-cacher-ng: wa kwanza akipakua kifurushi kinabaki pale, wengine wote wanakipata bila kugusa intaneti. Wa mikoani wanabebeana mafaili ya .deb, yaani vifurushi vyenyewe, kwenye flashi, na hapo kuna mtego ambao uliwasumbua wengi. Wazee wa apt-get walizoea kuyakuta mafaili yote /var/cache/apt/archives baada ya kuweka. Amri mpya ya apt inayafuta ikimaliza. Mtu anasafiri na flashi tupu mpaka Songea. Ukitaka kubeba, tumia apt-get, au weka --download-only.

Nilisema ugumu uko kwenye kujua kilichotokea kabla. Kuna kazi nyingine inayokuja baada, na hapo ndipo kundi letu, na makundi yote ya Kiswahili ninayoyajua, tunapovuja. Mtu anasumbuka siku mbili, watu sita wanamsaidia, kisha anaandika: "Imekubali wakuu, asanteni sana, Mungu awabariki." Mwisho. Imekubali kwa lipi? Kati ya mambo sita aliyojaribu, lipi lilimaliza? Baraka tunazipokea, lakini mwezi ujao anakuja mwingine na tatizo lile lile na tunaanza moja.

Kuna na jambo la sauti. Sisi ni watu wa kuongea, na nusu ya misaada mizuri kabisa niliyowahi kuisikia kwenye kundi ilitolewa kwa ujumbe wa sauti: dakika nne za mtu mwenye ujuzi akieleza kwa utulivu, kuku wanalia nyuma yake. Hakuna anayeweza kuitafuta sauti ile. Ukiandika "initramfs" kwenye kisanduku cha kutafutia haitokei. Miaka inapita, ujuzi upo, ila uko ndani ya simu za watu.

Hili si kwa kukosa watu wanaojali lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ambao hata wengi wetu hatukuwa na kompyuta. Kilichokosekana baadaye ni kazi ndogo ndogo za kila siku, zisizo na mradi wala mfadhili. Hata mimi mtu aliyeweka mfumo wake kwa Kiswahili nikimsaidia namwomba atangulize LC_ALL=C kwenye amri, ili ujumbe wa kosa utoke kwa Kiingereza, kwa sababu nikiutafuta kwa Kiswahili mtandaoni sitakuta aliyeuandika kabla yetu. Inaniuma kila mara, lakini mtu ana kazi za watu.

Kwa hiyo tumeanza kuwadai. Ukisaidiwa, unaandika mistari mitatu: nini kilionekana, chanzo kilikuwa nini, nini kiliondoa. Kwa maandishi. Mwanzoni wengi waliona ni kama mtihani wa shule, na wengine walitoweka na baraka zao kama kawaida. Waliokubali wanaandika vizuri kuliko sisi tunaojiita wataalamu, kwa sababu wao wanakumbuka neno walilotumia kabla hawajajua jina la tatizo. Mwalimu mmoja wa Morogoro aliandika: "Sauti ilikuwa inatoka kwenye TV iliyozimwa. Nilichomoa HDMI lakini mpangilio ulibaki huko. Nilifungua pavucontrol, kwenye Configuration nikachagua Analog." Mtaalamu angeandika kuhusu profaili ya PipeWire, mfumo wa sauti wa Linux. Atakayekuja kutafuta atatafuta "sauti haitoki."

Kuna swali nalipenda kuliko mengine yote, na linafanya kazi hata kwa asiyejua Linux: toleo la jana linafanya kazi? Kwenye GRUB, chini ya Advanced options, kerneli ya zamani kawaida bado ipo. Iwashe. Kama wifi iliyokufa jana inafufuka, umeshajua tatizo liko kwenye kerneli na hukuhitaji kuwa mtaalamu wa chochote. Wanaotengeneza kerneli wenyewe wanatumia njia hiyo hiyo, kwa amri ya git bisect. Kati ya toleo moja na jingine kunaingia mabadiliko zaidi ya 10,000. Hawayasomi yote. Wanajaribu la katikati. Likiwa zima, kosa liko nusu ya pili, likiwa bovu, liko nusu ya kwanza. Majaribio kama 14 yanatosha kulifikia badiliko moja lililoharibu. Nimemwona kijana wa chuo, pale Sinza, akifanya hivyo kwa laptopu ya mtumba iliyopoteza sauti, Jumamosi nzima, anakusanya kerneli, anawasha, anasikiliza, anaandika nzuri au mbaya kwenye daftari. Alipolipata alituma ripoti kwa Kiingereza chake cha kujikongoja, nayo ikajibiwa.

Kwa sasa tuna kesi moja ambayo haijafungwa. Ni laptopu ya mtumba ya dada yetu mmoja wa Mombasa: ukifunga kifuniko inalala, ukifungua feni inazunguka na skrini haiji. Logi inaishia PM: suspend entry (deep), na mstari wa suspend exit haupo. Tukiweka s2idle, usingizi mwepesi zaidi, inaamka vizuri, ila betri inaisha usiku. Kerneli ya zamani haikubadilisha kitu. Tunapitia hatua za /sys/power/pm_test, zinazojaribu kulala kipande kwa kipande, moja moja: freezer imepita, devices imepita, platform ndiyo iliyokwama, kwa hiyo macho yako kwenye programu ya ubao mama, na kuna toleo jipya lake ambalo bado hajaliweka kwa sababu umeme wa kwake wiki hii si wa kuaminika na kazi hiyo haitaki kukatwa katikati. Mwenye mashine inayofanana na hiyo aendeshe cat /sys/power/mem_sleep na aseme imeonyesha nini, kwa maandishi tafadhali.